Pantang: kwa nini mzazi wa Kimalay hunyimwa tikiti maji akapewa pilipili manga

Mwanamke amejifungua juzi. Nje jua la Kuala Lumpur linachoma kama la Dar es Salaam mwezi Februari, lakini yeye amevaa soksi, amezungushiwa kitambaa kirefu kutoka chini ya matiti hadi nyongani, na mbele yake kuna sahani ya wali mweupe, samaki wa kuchoma na pilipili manga ya kutosha. Akiomba kipande cha tikiti maji, mama yake anatikisa kichwa na kusema neno moja: sejuk. Baridi. Na tikiti lenyewe halijaonja friji. Limetoka sokoni hivi punde, bado lina joto la jua.

Habari na video za namna hii zikifika kwetu, watu hugawanyika. Wako wanaosema hao ni Waislamu wenzetu, hiyo ni arobaini, ndivyo dini ilivyoagiza. Wako wanaosema ni ushirikina wa kumtesa mzazi tu. Nadhani pande zote mbili zimeshika makatazo zikaiacha hesabu iliyoyazaa. Ukiijua hesabu hiyo, tikiti, soksi na pilipili manga vinakaa kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo unaweza kusema kwa haki lipi lina manufaa na lipi lina hatari.

Tuanze na majina. Wamalay ni watu wa rasi ya Malay na visiwa jirani. Si kila raia wa Malaysia ni Mmalay: nchi hiyo ina Wachina wengi, ambao nao wana mwezi wao wa uzazi wenye masharti yake, na ina Wahindi. Kwa upande mwingine, Wamalay wako pia Singapore, Brunei, kusini mwa Thailand na Sumatra. Neno pantang kwao ni mwiko. Berpantang ni kukaa ndani ya mwiko, na mtu akisema tu kwamba fulani "yuko kwenye pantang", kila anayesikia anaelewa kuwa amejifungua. Siku zinazotajwa zaidi Malaysia ni 44, ingawa wengine huhesabu 40, na ziko familia zinazosogeza baadhi ya masharti hadi siku 100. Mkunga wa kijijini, anayesimamia mambo haya, huitwa bidan.

Moto usiopimwa kwa kipimajoto

Kinachowapotosha wengi ni maneno mawili, panas na sejuk, yaani moto na baridi. Mgeni huyasikia akafikiria sufuria na friji. Katika tiba ya Kimalay maneno haya yanahusu kile ambacho chakula kinaaminiwa kukifanya kikishaingia mwilini. Fikiria pilipili mbuzi iliyolala kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ni baridi mkononi, lakini iuma uone. Kwa mantiki hiyo tikiti lililoanikwa juani ni "baridi" na tangawizi iliyotoka kwenye barafu ni "moto". Wasomaji wa Unguja wanalijua doriani. Kwa Wamalay hilo ndilo tunda lenye moto kuliko yote, na aliyelila sana hushauriwa atafute kitu cha baridi cha kumpoza. Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba mzazi hukatazwa pia maji ya barafu, kwa hiyo baridi ya kugusa na baridi ya kitabia hukutana kwenye gilasi moja.

Nyuma ya maneno hayo kuna picha nzima ya mwili. Mtu ameumbwa kwa vitu vinne: tanah, air, api, angin, udongo, maji, moto na upepo. Afya ni vinne hivi kukaa sawa, na ugonjwa ni kimoja kuzidi au kupungua. Fikra hii haikuzaliwa mahali pamoja. Ndani yake kuna mawazo ya wenyeji wa huko, kuna tiba ya Kihindi, na kuna tiba ya Wagiriki iliyopitia mikononi mwa matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu kama Ibn Sina. Bahari iliyoifikisha Malacca, bandari ya kale ya Wamalay, ni hiyo hiyo inayopiga Lamu na Kilwa, ndiyo maana mzee wa pwani akikwambia "hicho chakula cha baridi, kitakuamshia maumivu", anazungumza lugha ambayo bibi wa Kelantan, jimbo la Malaysia, angeielewa bila mkalimani.

Sasa mweke mjamzito katika picha hiyo. Mimba ni hali ya moto, kama chungu kilicho jikoni. Damu nayo ni ya moto. Siku ya kujifungua chungu kinaipuliwa ghafla: mtoto ametoka, kondo limetoka, na damu iliyomwagika imeondoka na joto lake. Mwili unabaki baridi, tena umeachwa wazi, na upepo unaweza kuingia kupitia kila kilichofunguka. Kazi ya pantang basi ni kuurudishia mwili moto, kuukinga na upepo na kuufunga upya. Soksi zile ni za kuzuia upepo usipandie miguuni. Pilipili manga ni kuni.

Sahani ya mzazi

Vyakula vya baridi ndivyo vya kwanza kuondolewa mezani: tikiti, matango, kabichi, maji ya dafu, mboga nyingi za majani zenye maji mengi, hasa ile inayoota majini iitwayo kangkung. Lakini kuna makundi mengine mawili ambayo mgeni huyachanganya na baridi.

Kundi moja ni la vyakula vya upepo. Hapa hatuna haja ya mkalimani, kwa sababu sisi huviita vyakula vya gesi: fenesi, maharage, mihogo. Mzazi anaaminiwa kuwa na tumbo lililo wazi, hivyo gesi ambayo wewe ungeicheua ikaisha, kwake inaweza kusafiri mwilini.

Kundi la pili ni la vyakula vyenye bisa. Neno hili kwa Kimalay ndilo sumu ya nyoka au ya mwiba wa samaki, lakini kwenye chakula halina maana kwamba kitakuua. Maana yake ni kwamba kitaamsha kidonda kilichokuwa kinapona, kitaleta mwasho na uvimbe. Kamba, ngisi, kaa, chaza na aina kadhaa za samaki wamo humu. Mtu ambaye ngozi yake humpasuka vipele kila akila kamba atasema wazo hili halikutoka hewani, na huenda hajakosea: vyakula vya baharini vyenye magamba magumu ni miongoni mwa vinavyoongoza kwa kuleta mzio. Tatizo ni pale hofu ya wachache inapokuwa sheria ya wote. Nanasi na siki navyo huogopwa, kwa kuwa ni "vikali" kama kisu na mwili una jeraha.

Kinachobaki? Wali, samaki wa kuchoma au wa kukausha, supu yenye tangawizi, manjano, na hiyo pilipili manga. Na juu ya vyote, samaki wa maji yasiyo na chumvi aitwaye haruan, mwenye kichwa kama cha nyoka, ambaye Wamalay wanaamini hafanani na yeyote kwa kuunga vidonda. Aliyepasuliwa kwa kisu cha daktari huletewa haruan, awe mzazi au la. Watafiti wa Malaysia wamemchunguza samaki huyu na kukuta ana protini na mafuta ambayo mwili huyatumia kujenga ngozi mpya, ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika maabara na kwa wanyama. Kwa vyovyote, samaki wa kuchoma kwa mtu mwenye mshono ni chakula kizuri hata bila hadithi.

Tungku na kitambaa

Kando ya chakula kuna utunzaji wa mwili, na hapa msomaji wa pwani atajikuta nyumbani. Tungku ni jiwe la mtoni au kipande cha chuma kinachopashwa moto, kinaviringishwa majani na kitambaa, kisha kinapitishwa tumboni, kiunoni na mapajani. Siku hizi kuna tungku za umeme. Ndugu yake kwetu ni kule kukandwa kwa maji ya moto na majani. Bengkung, kile kitambaa kirefu kinachofungwa kwa kupishana kama kusuka, ndiyo mkaja wetu. Dawa ya kusinga mwili huitwa param, ya kupakwa kwenye paji la uso ni pilis. Nyanya zetu wenye singo na liwa wasingeuliza maswali mengi. Maji ya kuoga huchemshwa na mchaichai, majani ya pandani na ya lengkuas, jamii ya tangawizi, na bidan huja kuchua mwili siku kadhaa mfululizo.

Zamani palikuwa na kitu kizito zaidi, salai: kitanda chenye moto wa kuni chini yake au pembeni yake, mzazi akilala hapo akioka taratibu. Wauguzi wa serikali walipinga sana, kwa moshi na kwa hatari ya kuungua, na leo ni nadra kukuta mtu amelala juu ya makaa. Wazo lenyewe halikufa. Lilihamia kwenye tungku.

Je, ni dini?

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Wamalay wanayafuata sawa na Waislamu wengi wa pwani yetu, nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua, kwa kawaida huwa siku 40 na ukomo wake ni siku 60. Lakini hakuna idadi ya chini ya kungojewa. Damu ikikoma kabisa siku ya 15, mwanamke anaoga josho na kuswali siku hiyo hiyo, wala hasubiri arobaini itimie. Pantang inahesabu kwa namna nyingine kabisa: damu ikome isikome, siku 44 ni siku 44. Na hakuna kitabu cha fikihi kinachomkataza mzazi matango. Dini na desturi vimekaa nyumba moja kwa muda mrefu hadi watu wanachanganya viatu vyao. Mwenyewe Mmalay anajua tofauti: anayo hukum kwa amri ya dini, na anayo adat kwa mila, maneno yaliyotoka Uarabuni kama hukumu na ada zetu.

Inashangaza kidogo, hata hivyo, jinsi tarakimu zinavyokaribiana. Wakunga wa hospitalini humwita mama kliniki baada ya wiki sita kwa sababu ndio muda ambao mji wa mimba huchukua kurudi karibu na ukubwa wake wa awali. Shirika la Afya Duniani nalo, linapohesabu vifo vya uzazi, hufika hadi siku ya 42 baada ya mimba kumalizika. Si kwamba bidan alikuwa na vitabu vya takwimu. Alikuwa na macho, na alikuwa ameona wanawake wangapi wanaanguka wakiwa wamedhaniwa kuwa salama.

Upepo unaopanda kichwani

Kati ya yote yanayoogopwa kwenye pantang, hakuna linalotajwa kwa sauti ya chini kama meroyan. Mzazi anaanza kulia bila sababu, halali, anamwogopa mtoto wake, au anasikia sauti. Maelezo ya mila ni kwamba upepo umempanda, huenda kwa kuwa alivunja mwiko: alikula cha baridi, aliamka mapema, alirudi kwa mumewe kabla ya wakati. Kiswahili kina pepo na upepo katika shina moja, kwa hiyo hatuhitaji kwenda mbali kuelewa.

Hospitali inagawanya hali hii mara tatu. Ile huzuni ya siku chache za mwanzo, ambayo huwapata zaidi ya nusu ya wanawake waliojifungua na kupita yenyewe. Sonona ya baada ya uzazi, inayompata takriban mmoja kati ya kumi, nayo haipiti kwa kuambiwa "jikaze". Na kichaa cha uzazi, mmoja au wawili katika kila 1,000, ambacho ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Neno meroyan linafunika zote tatu, na ubaya wake mkubwa ni kumbebesha mgonjwa lawama: umeumwa kwa sababu hukutii.

Lakini ningekuwa mnyimi wa haki nikiishia hapo. Jamii iliyo na jina la ugonjwa huu kwa karne nyingi imejifunza kumtazama mzazi. Haachwi peke yake. Mtu akimwona kakodoa macho saa tisa usiku, anaamsha nyumba. Mahali ambapo hakuna jina, mama huyo angeambiwa amechoka tu.

Kinachofaa na kinachodhuru

Watu hupenda kuuliza kama sayansi imeikubali pantang au imeikataa, kana kwamba ni kidonge kimoja. Ni kapu, na ndani yake mna vitu vya kila aina.

Chenye thamani kuliko vyote humo, kwa maoni yangu, hakiliki. Ni kuondolewa kazi. Kwa wiki sita mwanamke hapiki, hafui, habebi ndoo, na mtu mwingine anamwogeshea mtoto. Masharti ya chakula yanatangazwa kwa kelele, lakini ni hili la kimya linalompa mama usingizi. Binti wa Kimalay anayeishi mjini, asiye na mama wala shangazi karibu, anaweza kushika kila mwiko wa chakula akiwa amesimama jikoni kwake mwenyewe, na hapo amebaki na ganda la pantang bila kokwa lake. Malaysia iliongeza likizo ya uzazi kwa waajiriwa wa sekta binafsi kutoka siku 60 hadi 98 kuanzia Januari 2023. Kabla ya hapo, anayefuata masharti ya siku 100 alirudi kazini na pantang yake mkobani.

Uchuaji na joto la kiasi huleta nafuu ya maumivu na hakuna sababu ya kuvipiga vita. Sharti ni busara. Aliyejifungua kwa upasuaji ana ngozi iliyokufa ganzi kuzunguka mshono, hivyo tungku inaweza kumbabua asihisi, na bengkung iliyokazwa juu ya kidonda kibichi si msaada. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usichuliwe: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, hatari ambayo iko juu hasa katika wiki hizo sita, na kulala kitandani siku nzima bila kutembea kunaizidisha. Pumziko la pantang lisigeuke kifungo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji. Baadhi ya familia humpimia mzazi kikombe, kwa hofu kwamba maji mengi yatamtia baridi. Mtoto mchanga aliyekwisha kuzoea hunyonya karibu robo tatu ya lita kwa siku, na sehemu kubwa kabisa ya maziwa hayo ni maji. Yatatoka wapi? Mboga na matunda vikiondolewa pamoja na maji, choo kinafunga, na kwa mwenye mshono kila safari ya msalani ni mateso. Halafu anayenyonyesha anahitaji kilokalori kama 500 za ziada kila siku, ambazo wali na kipande cha samaki havifikishi kirahisi.

Uzuri ni kwamba dawa ya tatizo hili imo ndani ya hesabu ile ile. Kama baridi ya chakula ni tabia yake, basi tabia hurekebishwa jikoni. Mboga ya majani iliyokaangwa na tangawizi na pilipili manga haiko baridi tena, na bibi hana la kusema. Maji yakiwa ya uvuguvugu, kikombe cha nne hakimtishi mtu. Mtaalamu wa lishe anayekuja na lugha hii hupata mlango wazi, na anayeanza kwa kusema "hizo ni imani potofu" huachwa akizungumza peke yake.

Dawa za kunywa ni jambo lingine. Jamu, mchanganyiko wa mizizi na majani wa kumrudishia mzazi umbo na nguvu, huuzwa kila kona, na nyingi hazina tatizo. Lakini wakaguzi wa dawa wameshakamata zilizochanganywa kwa siri na dawa kali za viwandani za jamii ya steroidi, ambazo humfanya mtu ajisikie vizuri haraka huku zikimharibu. Kinachoingia kwa mama hupita hadi kwenye maziwa.

Serikali ya Malaysia haikuchagua kupigana. Mwaka 2007 hospitali ya umma ya Kepala Batas, jimboni Penang, ilianza kutoa tiba za jadi chini ya paa moja na za kisasa, pamoja na utunzaji wa wazazi kwa uchuaji, tungku na bengkung. Nyingine zilifuata, na sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa kuwasajili wanaofanya kazi hizi. Mzazi hupimwa kwanza, ndipo huchuliwa.

Na ndani ya nyumba masharti hayajawahi kuwa chuma kama yanavyosimuliwa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Carol Laderman, aliyeishi kijijini katika jimbo la Terengganu, Malaysia, miaka ya 1970 na kufuatana na wakunga, aliona kwamba wanawake huyajaribu. Siku zikisonga, mmoja anachukua kitonge cha kilichokatazwa, kidogo tu, kisha anangoja. Kisipomfanya kitu, kesho anaongeza, na anahitimisha kwamba mwiko huo haumhusu yeye. Tumbo likimsokota usiku, basi amepata ushahidi wake, na siku binti yake atakapojifungua, atatikisa kichwa akilitazama tikiti.